Zamu ya Mlango Wake

Kazi yake ilikuwa kuwauliza watu wazima kama maisha yao yana maana, na aliifanya kwa viatu vilivyochoka kama yeye. Alikuwa mama wa makamo, mdodosaji wa shirika moja la utafiti, miguu yake ikivimba kila jioni. Anapiga hodi, anasoma sentensi, mtu anachagua namba: moja ni sikubali kabisa, tano ni nakubali kabisa. "Nina jambo linalonifanya niamke asubuhi." Muuza mkaa mmoja alimjibu, "Mkojo, mama." Jibu hilo halikuwa na namba yake, ikambidi asome sentensi upya, vilevile ilivyoandikwa.

Utaratibu ulikuwa mkali. Usimsaidie mtu kujibu, usishangae, usicheke, usimhoji ndugu yako. Mnaanzia kona ya mtaa mkihesabu milango, na kila wa nane ndio mnaoingia, mpende msipende. Ilipofika zamu ya mtaa wake mwenyewe, nane ikaangukia mlango wake.

Ndani alikuwamo mumewe. Mtaa mzima ulimwita Fundi, ingawa cherehani ilikuwa imefunikwa shuka tangu macho yalipomsaliti. Zamani hakuwa na breki mdomoni. Sasa alikaa kitandani ameegemea ukuta. Ukimuuliza hali anasema "salama," na chakula anakidokoa tu. Mkewe aliogopa. Aliogopa kwamba mwanamume huyu hataki tena kuishi, na hakuthubutu kumuuliza. Maswali aliyowasomea watu baki bila kupepesa macho aliyaacha mlangoni kila alipofika nyumbani.

"Dada, hapa naingia mimi," alisema mwenzake wa kazi, waliyembandika jina la Bi Harusi kwa mwendo wake wa madaha. "Wewe kaa nje."

"Najua utaratibu."

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, chini ya dirisha. Pazia halizuii sauti.

"Sentensi ya kwanza, mzee: nina jambo linalonifanya niamke asubuhi."

"Tano."

"Najua maisha yangu yanaelekea wapi."

"Tano."

Tano, tano, tano, kama mtu anayefukuza kuku. Mkewe, juu ya ndoo, alizihesabu. Alikuwa ameifanya kazi hii vya kutosha kujua kwamba anayetoa tano mfululizo hajibu chochote. Anakusindikiza mlangoni kwa adabu. Ndiyo maana watafiti walichomeka mwishoni sentensi moja ya kinyume, ya kumnasa asiyesikiliza. Bi Harusi akaisoma.

"Naona kama nimeshamaliza kila nililokuja kufanya duniani."

Kitanda kikalia.

"Tano," Fundi akasema, safari hii polepole.

Alikuwa amesikiliza. Mkewe alilijua hilo palepale, na lilimuuma.

Bi Harusi alitoka, akamgusa mwenzake bega, akashika njia kuelekea milango iliyobaki. Mke wa Fundi alipaswa kumfuata. Hakumfuata. Aliingia ndani, akavua viatu, akakaa kitandani kando ya mumewe.

"Ulikuwa dirishani," Fundi akasema.

"Nilikuwepo."

"Sasa ulitaka niseme nini, nawe unasikia? Unarudi hapa hoi kila siku. Nikubebeshe na mzigo wangu?"

"Hizo tano zako ni uongo, Fundi."

"Ile ya mwisho si uongo."

Mama wa watu akalia kidogo, bila kelele, kilio cha mtu aliyechoka. Kisha akamuuliza lile la kwanza, safari hii bila karatasi: kuna jambo gani linalomwamsha asubuhi?

Fundi alifikiri sana. "Mbili," akasema. "Maana ukitoka, lazima mtu afunge mlango. Na wewe, mama watoto?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Alitafuta jibu la kumfariji mumewe, akalikosa.

"Tatu. Na hapo nimejipendelea."

Fundi akapapasa mpaka akaupata mkono wake. Miaka yote alikuwa amewashonea watu nguo kwa vitambaa visivyotosha.

"Mbili na tatu," akasema. "Tukiunga, inatoka tano ya kweli."

Ilikuwa siku nyingi mkewe hajamsikia akitania. Hakucheka, nguvu hizo hakuwa nazo. Alijinyoosha kando yake na miguu yake iliyovimba, na huko nje Bi Harusi akasikika akipiga hodi mlango mwingine, peke yake.