Boksa, Blanketi na Sauti ya Tatu

Leo nacheka, lakini wiki nzima nilikuwa nazunguka nyuma ya choo cha hosh, ua wetu wa pamoja, ili majirani wasinione, mimi mwalimu mzima wa hesabu, na aibu yenyewe nilijitafutia.

Shangazi yake Achan, mchumba wangu, alikuwa anakuja kutoka Gulu kuniangalia. Yeye ndiye aliyemlea, bila neno lake hakuna ndoa, na alishasikia kwamba mimi ni mtu wa muziki (yaani mlevi). Basi nikaamua kumrekodia wimbo wa kanisa, sauti zote nne niimbe mwenyewe, kwa karekoda kangu kadogo ka traki nne, unaimba sauti moja, unaisikiliza kwenye hedifoni huku unaimba nyingine juu yake, ili ajue Achan hakuokota mhuni.

Sasa mtaa wetu wa Kator na kelele! Jenereta huku, bodaboda kule, mbuzi wa jirani yangu Lado katikati. Nikafunga dirisha, nikasimamisha godoro mlangoni, nikachomoa friji, nikazima feni na simu, rekoda nikaitia betri ili mvumo wa umeme usiingie, kisha nikajifunika blanketi mbili pamoja na maiki. Kimya! Lakini joto la Juba saa nane mchana, jamani. Nikavua shati. Nikavua na suruali, kwani nani ananiona? (Hapo ndipo nilipoharibu.)

Sauti mbili zikatoka safi kabisa. Nikaingia ya tatu, ile ya chini, ambayo ikiwa peke yake haina utamu wowote, ni kuguna tu: "Nishike... nashindwa... nishike..." Masikioni mwangu nilikuwa na kwaya, lakini aliyesimama nje alisikia mwanamume mmoja anakata roho. Nami kwa kupenda usafi nikarudia mara saba.

Kumbe shangazi amefika siku moja kabla. Wamebisha, wameita, Achan amepiga simu, wapi! Lado akaleta chuma, mlango ukaanguka na godoro lake, nikachomoka kwenye blanketi na boksa ya maua, jasho linatiririka, mbele ya nusu ya hosh.

"Malesh, ustaz," Lado akaniomba radhi, "mimi nafikiri wewe nakufa."

Shangazi hata hakuitazama boksa. Aliona jasho, akajua ni malaria imepanda kichwani, akanikamata kichwa kwa mikono miwili akapaza sauti: "Mungu, hii mtoto yetu, usichukue yeye! Hii mtoto yetu!" Achan alikuwa ameshaiona rekoda, anacheka mpaka anakaa chini.

Nilipovaa na kueleza, mama wa watu akanuna. "Mimi sijakubali kitu bado," akasema, "mwanaume ya kuimba uchi!" Nikaona ndoa imekwenda. Ndipo nikakumbuka kwamba mashine sikuizima. Nikamvalisha hedifoni, nikamrudishia traki ya tatu, akajisikia mwenyewe, bila jenereta wala mbuzi: hii mtoto yetu.

Akaomba arudishiwe tena. "Sasa nitakataa namna gani," akasema, "na mashine imeshika mimi?"

Tangu siku hiyo sirekodi bila suruali, na kila nikitaka kuanza huitangazia hosh nzima kwamba siumwi. Wimbo wenyewe haukuisha hadi leo, maana sauti ya tatu imekaliwa na shangazi, na sithubutu kuifuta.