Ukindu wa Korongo la Namtewe

Ulikuwa mwaka wa kumi na moja Saidy Gharibu akilinda hifadhi ya korongo la Namtewe, kule vilimani ambako mto hujibana kati ya miamba kabla ya kushuka mabondeni kuelekea Rufiji. Hakuna aliyewahi kusema kwamba Saidy kapokea hata kuku ili afumbe macho. Mwezi uliopita alimnyang'anya jirani yake Tamimu fito za kuezekea alizokata hifadhini, naye Tamimu hakununa. Alisema tu, "Tutaona siku akimkamata wa kwao."

Siku hiyo ilifika wiki moja kabla ya harusi ya Warda, binti yake Saidy. Asubuhi, akishuka jabalini, alimkuta dada yake mkubwa, Hafsa, anavuka maji na mzigo wa ukindu kichwani. Kwao mkeka wa bibi harusi husukwa na shangazi, na ukindu aukate kwa mkono wake. Wa kununua ni aibu. Mikindu ya mabondeni ilikwisha kufyekwa kupisha mpunga. Iliyobaki ni ya korongoni.

"Tua, dada."

"Nitue? Mimi niliyekubeba mgongoni mpaka ukakaribia kuota ndevu?"

"Tua."

"Mkeka ni wa mwanao, Saidy! Jifanye hukuniona."

"Nimekwisha kukuona. Na fito za Tamimu nilizichukua."

Hafsa alitua, machozi yakimlengalenga. Lakini Saidy hakuweza kuvumilia dada yake apitishwe kijijini kama mwizi. Aliuinua mzigo, akajitwika mwenyewe, kichwani, kama wanawake wafanyavyo, akatangulia mpaka ofisi ya kijiji.

Tamimu alitoka barazani. "Makubwa! Leo mlinzi kajikamata!" Kisha akamwona Hafsa nyuma, akarudi barazani.

"Andika: Hafsa Gharibu, dada yangu," Saidy alimwambia mtendaji. Ukindu ukapelekwa msikitini, kama ilivyo kanuni ya kamati ya hifadhi kwa mali iliyokamatwa.

Siku ya harusi, Warda aliketishwa juu ya mkeka wa plastiki uliotoka dukani Kibiti. Wanawake wa upande wa bwana harusi wakatazamana. Mmoja akauliza kama shangazi hana mikono.

"Anayo," Hafsa alijibu. "Nilikata ukindu hifadhini, mdogo wangu akanipeleka ofisini. Mwali wetu hakalii cha wizi. Haya, sogeeni, mpeni nafasi."

Wakasogea. Ila sahani ya pilau ya Saidy, siku hiyo, Hafsa aliichelewesha mpaka akaiomba mara mbili.