Chungu Alikivunja Madam, Video Ikanionyesha Mimi

Admin, nifiche jina, maana ninayetaka kumsema analala chumba cha pili. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, miaka thelathini na tatu, natoka Pwani ya Kenya. Huu ni mwaka wa nne nafanya kazi za ndani na kulea mtoto hapa Dubai, Jumeirah Village Circle. Madam wangu ni Mkenya mwenzangu, mtu wa Nairobi, na mumewe ndiye kafeel wangu, yaani mdhamini wa visa yangu. Kazi ya madam ni kuposti safari zake, na wafuasi anao wengi kuliko nywele zangu.

Mwezi wa sita tulienda Ulaya, mimi nikiwa wa kushika mtoto. Tulifika kijiji kidogo kando ya ziwa, kimezungukwa na milima yenye theluji. Ni pazuri, siwadanganyi, lakini wenyewe wamechoka. Mabasi yanamwaga watu tangu asubuhi, foleni ya kupiga picha inapita milangoni mwa watu, na kila ukuta una kibao: tafadhali, hapa tunaishi. Nilimwona mzee mmoja akianua nguo zake za ndani huku wageni wanne wanampiga picha. Niliona haya mpaka nikageuza uso.

Madam akapenda baraza ya bibi mmoja, imejaa maua mekundu, imefungwa kwa cheni. Simu yake ilikuwa imezima, kwa hiyo nilikuwa namrekodi kwa yangu.

"Toa hiyo cheni, yalla," akasema.

"Madam, hapa ni kwa wenyewe. Tupige hodi kwanza."

"Hodi ya nani? Hawa wanaishi na pesa zetu. Toa, bana!"

Nikaitoa, hilo kosa langu nalikubali. Akaingia, akageuka kwa madaha, gauni likakumba chungu cha maua, kikapasuka. Nikainama kuokota vigae. Bibi akatoka analia, mjukuu wake wa kike nyuma yake anarekodi. Nilivyolelewa mimi, mtu mzima akilia mbele yako unaomba radhi kwanza, mambo ya nani kakosa yanafuata baadaye. Nikapiga goti, nikamshika mikono, nikaomba samahani mara kumi. Madam alijua vizuri lile goti lilikuwa la heshima tu. Akamwambia yule mjukuu kwa Kiingereza, "Si unaona mwenyewe amekubali? Nilimkataza, hasikii."

Ile video ya mjukuu, inayoanza nikiokota vigae, ikawekwa mtandaoni, ikaenea. Nikaitwa mshenzi na watu ambao hawanijui. Mwezi haujaisha ikafika kwetu, mama yangu akaonyeshwa harusini. Akanipigia: "Mwanangu, mimi nilikufunza kuingia nyumba za watu?" Nikamweleza yote. Akaniuliza, "Mbona basi ulipiga goti?" Tangu siku hiyo ananisalimia tu na kukata simu. Hilo ndilo siwezi kumsamehe madam.

Aliniamuru nifute video yangu, nikamwambia nimefuta. Ninayo, na sauti yake imo yote, kuanzia ile cheni. Nilitaka kuiweka, shoga yangu wa Al Baraha, hapa hapa Dubai, akanizuia. "Hapa ukimposti mtu bila ruhusa yake, ni polisi, khalas," akaniambia. Nikatulia. Nikaendelea kumpikia chapati na kumchekea.

Juzi madam aliniita sebuleni, uso unang'aa. "Tunarudi kule mwezi ujao! Utampigia goti yule shosho tena, uombe msamaha, mimi nikiwa live. Watu watalia!"

Nikasema, "Sawa, madam." Sijawahi kupokea amri kwa furaha kama ile. Nikifika pale barazani, wafuasi wake wote wakiwa wanatazama, nitatoa simu yangu na kumwekea bibi video ile kwa sauti ya juu. Sitakuwa nimemposti mimi, live ni yake mwenyewe. Nataka nimwone madam uso unavyomshuka. Nataka na mama yangu aone.

Kinachonizuia ni kimoja. Tukisafiri, pasipoti yangu hukaa kwenye mkoba wake, na visa yangu ni ya mumewe. Nikimwaibisha, ataniacha huko huko. Anayetaka kuniambia nisamehe, apite tu, hiyo nimeshaambiwa vya kutosha. Ninyi wengine nishaurini, ndugu zangu: nilisafishe jina langu ugenini nisijue nitarudije, au nilipige hilo goti kama nilivyoagizwa?