Mchicha ndani ya mawe meupe

Jamani wenzangu, leo nimemeza machozi nikasema asante.

Mnajua yale maua niliyootesha mbele ya nyumba, ili jumuiya mkija kusali Jumapili mkute pamependeza. Mawe ya kuzungushia nimeyapaka chokaa mwenyewe. Maua yenyewe hayajachanua hata moja.

Basi asubuhi natoka kisimani na ndoo yangu, namkuta Mama Shija, yule jirani Msukuma, wale waliohamia Ilembo juzijuzi na ng'ombe zao. Kainama kwenye maua, jasho linamtoka.

"Mwangaluka, mayu!" akaniamkia kwa Kisukuma. "Nimekupalilia. Majani yalikuwa yanaimaliza mboga yako."

Naangalia.

Maua yote yamelala, mizizi juu! Kilichosimama ni mchicha, ule ulioota wenyewe nikakosa nafasi ya kuung'oa.

Tangu wahamie hajawahi kukanyaga kwangu. Leo ndiyo kaja, tena na jembe lake. Ningesema nini, nyie?

"Asante sana, mama."

Mara baba watoto akatoka na redio yake mkononi. "Mke wangu, maua yako kayang'oa nani?"

Mama Shija akaangalia lile rundo, akaniangalia mimi. Jembe likamdondoka.

"Yalikuwa maua? Mimi nikajua majani ya ndama!"

Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikakaa chini. Naye akakaa, anacheka huku anajifuta macho kwa kanga.

Jumapili atakuja kusali na sisi, na karanga za kuungia mchicha analeta yeye.

Atakayeuliza maua yako wapi, aniulize mimi pembeni. Asimuulize yeye.