Gari la Marehemu, Magurudumu Yangu

Ni Jumamosi, umande bado haujakauka sokoni Khwisero, na Jescah Awinja analizunguka gari lake akipiga teke gurudumu moja baada ya jingine. Akifika nyuma anapiga kwa nguvu zaidi, kana kwamba gurudumu limemjibu vibaya.

Wanawake wenye magunia ya mboga za mrenda na matenga ya kuku wanangoja amalize. Wamemzoea. Hakuna mzigo unaopanda kabla ya mateke.

"Haya, leteni ingokho zenu," anasema, akifungua mlango wa nyuma. "Lakini jogoo wa Pascalia akae mwisho kabisa. Hiyo kitu inawikanga kwa masikio yangu mpaka Lurambi!"

Gari lenyewe ni Toyota DX ya wagoni, kuukuu kuliko madereva wengi wanaolipita barabarani. Magurudumu si yake. Yalitoka kwenye Nissan Bluebird iliyopinduka, ni makubwa kupita kiasi, na yanalifanya gari lionekane kama mtoto aliyevaa viatu vya babake. Vijana wa bodaboda huangua kicheko likipita. Jescah huwajibu kwa honi.

"Wacha wacheke. Walikuwa wapi nikiwa kwa mawe?"

Juu ya mawe ndiko gari hilo lilikokaa kwa zaidi ya mwaka. Mumewe, Hezekiah Shikanga, alilitumia kusafirisha mboga hadi mjini Kakamega, mpaka alipougua na kufariki. Siku ya kunyoa nywele za matanga, siku chache baada ya mazishi, ukoo ulipoketi kugawana nguo za marehemu, shemeji yake mkubwa alisimama akataka magurudumu nayo yagawanywe, kama ukumbusho. Mjane akiachiwa gari lenye miguu, alisema, ataondoka nalo aolewe kwingine.

Kufikia jioni DX ilikuwa imekalia mawe manne. Magurudumu mawili yalifungwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe wa shemeji huyo. Mengine mawili yalichukuliwa na ndugu zake.

Aliyepinga alikuwa mtu mmoja tu, senje Navalayo, shangazi wa marehemu, ambaye hata leo hajatulia. "Mila inasema nguo," anasema. "Mimi nimezika watu wengi. Sijaona mtu akivaa gurudumu."

Jescah hataki tuliandike jina la shemeji. "Andika magurudumu. Yeye atajijua."

Kuku walianza kutaga kwenye kiti cha dereva. Jescah, ambaye mumewe alikuwa amemfundisha kuendesha na leseni anayo, alibeba mboga kichwani na kulipita gari hilo kila asubuhi. Mwanzoni aliona aibu. Baadaye aibu ikageuka hasira, na hasira ya mama huyu haikai bure.

Alimwendea Ochieng, fundi wa Lurambi. Walianza na magurudumu ya Corolla ya miaka ya karibuni, maana Toyota ni Toyota, au ndivyo walivyodhani wote wawili. Mashimo yalikuwa manne kama ya DX, lakini yalikaribiana mno na bolti hazikuingia. Mtu mmoja pale gereji akashauri yapanuliwe kwa drili.

"Nikasema hapana," anakumbuka Jescah. "Nimeshazika mmoja."

Ochieng ndiye aliyeikumbuka ile Bluebird. Mashimo yakaingia, ila rimu zikawa zinagusa kwa ndani. Ikabidi aweke bolti ndefu na kipande cha chuma cha kuzisukuma nje, kisha akunje madigadi kwa nyundo ili tairi zipate nafasi. Alilipwa kwa kuku, na idadi ya kuku hao wanaibishania hadi leo.

"Huyu mama alinisumbua," fundi anacheka. "Alikuwa anarudinga nimkazie nati. Mwishowe nikampa spana, nikamwambia, Mama Shantel, jikazie."

DX iliporudi barabarani, shemeji naye akaamka. Aprili alifika na vijana na kamba, walivute gari "la ukoo" hadi boma la babake. Jescah hakupiga mayowe. Aliingia nyumbani, akatoka na jeki na spana, akaketi chini kando ya gurudumu la mbele.

"Nikawaambia, gari ni ya marehemu, sawa, sibishani. Magurudumu ya marehemu muko nayo. Haya ni yangu. Ngojeni nitoe yangu, na nyinyi muweke yenu, ndio muvute."

Alifungua gurudumu la kwanza mbele ya macho yao. Mtu akatumwa kuleta yale ya mkokoteni. Yalikuja yamepinda, tairi zimeisha, moja bado lina samadi. Yale mengine mawili, ilibainika, yalikuwa yameshauzwa. Majirani walikuwa wamejaa uani, na aliyeanza kucheka alikuwa senje Navalayo.

Wageni waliondoka na kamba yao.

"Niliogopa sana," Jescah anakiri. "Nati iliniponyoka mara mbili. Lakini hawakuona."

Siku njema Jescah hubaki na shilingi elfu moja na mia tano baada ya petroli, na ndizo zinazomsomesha bintiye, Shantel. Hata hivyo, vita havijaisha. Gari bado limesajiliwa kwa jina la marehemu, shemeji amepinga ombi la Jescah la mirathi, na kesi itasikizwa mjini Kakamega mwezi ujao. Akishindwa, DX itaenda.

Mpango wake ameshaupanga. Siku hiyo ataiosha DX, atampakia senje Navalayo kiti cha mbele, na kuiegesha mahali ambapo shemeji hawezi kuingia mahakamani bila kuiona.

Na ikiamuliwa kwamba gari si lake?

Jescah anaketi nyuma ya usukani na kugusa jeki iliyo chini ya kiti chake. Nyuma, jogoo wa Pascalia ameshaanza kuwika.

"Basi watafute mawe manne," anasema, na kuwasha gari.