Mama Tega na Fundi Aliyelala Macho

Saa moja asubuhi, muuguzi anaingia zamu na kwenda moja kwa moja kwenye kitanda cha dirishani. Anakagua mashine ya kupumulia, anaweka mto sawa, kisha anainama sikioni mwa mwanamume asiyetikisa hata ukope.

“Fundi, umeamkaje? Kitendawili.”

Anasubiri kidogo, kama mtu aliyebisha hodi akasikia nyayo ndani, halafu anajiitikia mwenyewe: “Tega. Nyumba yangu kubwa, nguzo yake moja.”

Jibu halitoi. Anaondoka zake akitabasamu. Wenzake wamemzoea, na jina wamempa: Mama Tega.

Mgonjwa ni seremala. Alikuwa akivuta mbao kwenye rundo nyuma ya karakana yake, nyoka aina ya fira akamuuma mkononi. Kope zililegea, ulimi ukawa mzito, na alipofikishwa hospitali kifua kilikuwa kimeshindwa kazi. Akapewa dawa ya kupambana na sumu na kuunganishwa na mashine.

Daktari wa wodi anaeleza kwamba sumu ya aina hii haigusi akili. Neva zinaendelea kutuma amri, ila sumu imekalia pale msuli unapoipokea. Amri inafika, inakuta nafasi imejaa.

“Mtu anaweza kuwa macho kabisa, anasikia kila neno, na kidole hakiinuki,” anasema. Mashine inampumulia mpaka sumu iachie.

Mama Tega alilijua hilo kwa kicheko. Miaka ya nyuma alikuwa akimtegea mwenzake kitendawili, katikati yao amelala mgonjwa wa namna hiyo. Wakaitwa kwingine, jibu likakatika. Mgonjwa alipopata sauti, cha kwanza alichoomba si maji, ni jibu.

“Nilicheka mpaka nikatoa machozi. Kumbe siku ile tulikuwa watatu,” anasema.

Mshahara wake, kwa maneno yake mwenyewe, hufika katikati ya mwezi ukiwa hoi. Lakini kinachomuuma zaidi ni ndugu wanaosimama mlangoni na kumzungumzia mgonjwa kama marehemu. Wodi haina pa kukaa. Angepata kiti kimoja kando ya kila kitanda, anasema akiwa ameegemea kitanda cha fundi, watu wangekaa na kuongea na wagonjwa wao.

Juzi kaka wa seremala aliuliza kwa sauti pikipiki itabaki na nani. Mama Tega alimshika kiwiko akamtoa nje kwa upole. Mke wa fundi alibaki amegandama ukutani. Shemeji yake huyo alishamwambia kwamba mumewe amekwenda, kilichobaki ni mashine tu.

“Niliogopa hata kumgusa,” mke anasema.

Mama Tega alimvuta mpaka sikioni mwa mumewe. “Mdogo wangu, mpe habari za nyumbani. Hajaenda popote, yumo humu humu.”

Mke akaanza kwa kigugumizi. Akamweleza kwamba paka amezalia ndani ya sanduku la misumari. Akashika kasi, akasema mpaka sauti ikamkauka.

Adhuhuri ya siku hii ya kitendawili cha nguzo moja, ukope wa kushoto unanyanyuka. Mke anaziba mdomo kwa mikono miwili. Jioni vidole vinabana mkono wake, na kesho yake, pumzi zikiwa zake mwenyewe, mrija wa mashine unatolewa kooni.

“Paka,” sauti inakwaruza, “wamezaliwa wangapi?”

Mke analia na kucheka kwa pamoja, hajui aanze na lipi. Kaka mtu anasogea, naye fundi anamwambia taratibu kwamba pikipiki bado ina mwenyewe. Anacheka akitazama viatu vyake. Furaha yake ni ya kweli, aibu nayo ni ya kweli.

Kisha fundi anamtafuta Mama Tega kwa macho. Anamlalamikia kwamba amelala hapo akijiuliza ni seremala gani huyo wa kusimamisha nyumba kwa nguzo moja.

“Umeshindwa?”

“Nimeshindwa.”

“Basi nipe mji.”

“Mji sina, dada. Nitakupa viti. Kila kitanda na chake.”

Mama Tega anageukia dirisha, anapangusa macho kwa mgongo wa kiganja. Akirudi ameshajikaza.

“Jibu ni uyoga. Na hivyo viti, fundi, vitakuwa na miguu minne?”

“Minne,” anasema seremala. “Mimi siyo yule aliyekujengea nyumba.”