Kuyu wa Chini ya Lango

Mzee Ocokoru alikuwa mlinzi wa bwawa upande wa Koboko. Kazi aliyolipwa ilikuwa kuzungusha gurudumu la chuma: kulia lango lifunguke, kushoto lifungwe. Kazi kama hiyo haimalizi akili ya mtu, basi iliyobaki aliimalizia kwa samaki. Mhandisi Mzungu, kabla ya kufungasha virago mwaka sabini na mbili, alimwachia ufito wake wa kuvulia pamoja na ugonjwa wake, yaani kuvua kwa nzi wa uongo. Ocokoru alifunga manyoya ya jogoo kwenye ndoana kwa uzi wa cherehani, akayatua juu ya maji taratibu, kama mdudu aliyechoka. Watu wa Abuku, kijiji cha jirani, walikuja kutazama sinema ya bure.

"Mzee, nyungunyungu iliisha kwa shamba?"

Aprili mto ulipogeuka chai ya maziwa, aliegesha ufito. Kumbikumbi waliporuka, na kila mwenye kichuguu akakilinda kuliko mkewe, Ocokoru alifunga nzi wa mabawa marefu, na kuyu, samaki wale wenye sharubu, wakawarukia kwa pupa. Lakini kiangazi hakuvua. Kiangazi mto mzima ulikauka, kikabaki kidimbwi kimoja ndani ya uzio wa bwawa, pale maji ya lango yalipoangukia, na kuyu wote walijazana humo.

"Hao ni mbegu," alimwambia mkewe, Paska. "Mvua ikirudi watapanda kile kijito cha pembeni kutaga. Ukila mbegu, utapanda nini?"

Viangazi vitano hakugusa hata mmoja humo, wala hakumruhusu mtu kuvuka uzio.

Januari ya sabini na nane akaja Fadhul, mume wa binti yake, koplo mpya mwenye buti zinazong'aa kuliko uso wake. Alikuja na askari wawili na gunia tupu.

"Baba, mimi nataka samaki ya sherehe. Cheo imepanda."

Kumfukuza mkwe mlangoni ni kumfukuza binti yako. Na tuseme kweli, mzee alikuwa na kiburi chake: miaka yote hiyo amechekwa, leo mtu mwenye cheo anamwomba. Akafungua uzio.

"Mmoja tu, mkwe wangu. Na kwa manyoya. Nitakufundisha."

Akamfundisha. Fadhul alirusha mara ya kwanza akanasa mti wa miiba. Mara ya pili akanasa kofia yake mwenyewe. Kuyu walipita miguuni pake bila haraka, wanene.

"Afande," askari mmoja alisema, "samaki iko naogopa cheo yako!"

Wakacheka. Ocokoru naye, Mungu amsamehe, akacheka.

Fadhul hakucheka. Aliweka ufito chini kwa adabu, akachomoa guruneti kiunoni.

"Baba, rudi nyuma kidogo."

Maji yalisimama wima, kisha yakaanguka. Kuyu wakaelea matumbo juu, kidimbwi kizima cheupe. Askari waliingia na buti zao, wakajaza gunia, wakavua mashati wakajaza nayo. Vile vidogo waliviacha.

Kabla ya kuondoka Fadhul alichagua wawili wakubwa, akampa mkwewe kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

"Hii yako, Baba. Usiseme mimi sina heshima."

Zawadi ya mkwe hairudishwi. Ocokoru akapokea kwa mikono miwili.

"Asante, mwanangu."

Jioni Paska alipasua tumbo la wa kwanza, mayai yakamwagika manjano ubaoni. Alipika, na mzee akala mpaka mwisho, kwa sababu kesho binti angeulizwa kama baba yake alikula.

Mvua zilikuja mapema mwaka ule. Maji yalipotakata, Ocokoru alisimama kijitoni siku nne akitua manyoya yake, na hakuna kilichoyagusa. Siku ya tano mjumbe alifika kutoka mjini: lango limefungwa siku nne, bomba za mji ni kavu, fungua. Akaenda akazungusha gurudumu, kulia.